Kioo cha Pili

Asubuhi ile mdogo wangu alikuwa anatolewa figo saa nne, na mimi, badala ya kukaa kwenye benchi la hospitali kama ndugu wenye adabu, nilikuwa karakana nasafisha lenzi. Nisijipambe: niliogopa. Harufu ya dawa ya vidonda hunilegeza magoti tangu utotoni, na muuguzi alipotuambia jana yake kwamba mgonjwa hataonwa hadi saa nane mchana, niliipokea ruhusa ile kwa mikono miwili. Tulizaliwa wawili tu. Mama alipofariki nilimlea mdogo wangu mwenyewe, nikamsuka, nikamchapa, nikamsomesha, na nilikuwa mkali kwake kuliko mama alivyowahi kuwa. Sasa nilikuwa nafuta lenzi ileile kwa mara ya nne.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa barabarani na mwingine wa uani. Tunatengeneza kamera na projekta za slaidi, zile mashine zinazochukua kipicha kidogo cha filamu, zikakimulika kwa nyuma na kukitandaza ukutani kikawa kikubwa kama shuka. Mwenye karakana ni baba mdogo, aliyenifundisha kazi. Ukoo wetu una ugonjwa mmoja, hatuwezi kuacha kitu kizima kikakaa kama kilivyo. Baba mdogo aliwahi kuunda kamera inayojivutia filamu yenyewe kwa springi ya saa ya mezani. Ilifanya kazi vizuri sana, ila kila ilipovuta ilitoa mlio wa kuwaliza watoto wote waliokuwa wanapigwa picha. Aliunda pia droo ya bati inayobadilisha slaidi kwa kuvuta kamba, ukiwa umekaa kitini kwako kama mfalme. Lakini alichokipenda kuliko vyote, na pengine kuliko baadhi yetu, ni kisanduku cha vioo.

Kisanduku kile alikiunda kwa ajili ya hospitali. Chumba chao cha mikutano ni chembamba, na kila Alhamisi madaktari hukaa humo kutazama picha za eksirei za wagonjwa na kuamua nani apasuliwe wapi. Projekta inataka umbali ili picha ikue, kwa hiyo ilikuwa ikikaa katikati ya viti, kila anayepita anaigonga. Baba mdogo akachonga kisanduku cha mbao, akakipaka rangi nyeusi ndani, akatia vioo viwili vilivyoinama. Mwanga unatoka kwenye projekta, unagonga kioo cha kwanza, unagonga cha pili, ndipo unakwenda ukutani. Projekta ikahamia kando na watu wakapita.

Vioo vilikuwa viwili kwa sababu, na sababu hiyo naijua tangu sijaota meno ya utu uzima. Kioo kimoja hugeuza picha, kulia kukawa kushoto. Cha pili huigeuza tena ikarudi sawa.

Mwezi wa pili daktari mpasuaji alilalamika kwamba picha imefifia. Alikuwa na haki, kila kioo hula mwanga kidogo. Nilikwenda peke yangu. Baba mdogo macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alikuwa anafunga skrubu kwa kupapasa, na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kazi yake haionekani vizuri. Nikafungua kisanduku, nikang'oa kioo cha pili, nikaigeuza projekta itazame kwa ubavu, na picha ikawaka ukutani mpaka madaktari wakapiga makofi. Nilijaribu kwa slaidi ya ua la manjano. Niliporudi nikakifanyia hivyohivyo kisanduku cha pili tulichonacho karakana, kwa sababu sifa ni tamu na mimi ni binadamu.

Basi asubuhi ile, kwenye saa tatu na nusu, akaingia kinyozi wa jirani. Tunamwita Mashoto, kwa sababu ananyoa kwa mkono wa kushoto na hajawahi kumkata mtu sikio, ingawa wateja wapya hutetemeka. Nilikuwa nimempiga slaidi kadhaa akiwa kazini, maana alitaka kuzionyesha kwenye sherehe ya chama chao cha vinyozi. Nilifurahi kumwona. Nilihitaji mtu wa kunitoa mawazo. Nikafunga pazia, nikawasha projekta, picha zikaanza kutoka ukutani moja baada ya nyingine: Mashoto na mteja, Mashoto anacheka, Mashoto anafagia nywele.

Akaanza kucheka hadi akashika meza. Akasema mama yake angeziona picha hizi angelia kwa furaha, maana alimchapa miaka saba ili aache ushoto na hakufaulu.

"Fundi, umeniponya," akasema. "Ona, mkasi uko mkono wa kulia."

Nikatazama ukutani. Mkasi ulikuwa mkono wa kulia kweli.

Sikuelewa mara moja. Kwanza nilicheka naye. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Kila slaidi inayotoka karakana yetu ina nukta nyekundu pembeni, pale kidole gumba kinapotakiwa kukaa wakati wa kuiingiza, ili mtu asikosee upande. Nilipoondoa kioo cha pili nilijua kwamba nukta zote lazima zihamie upande wa pili wa slaidi, ili slaidi iingie kinyume na picha itoke sawa. Nilijua. Nilijiambia nitazihamisha wiki inayofuata, ni kazi ya mchana mmoja tu. Wiki ile tukaletewa kamera kumi na mbili zilizoingia maji, na jambo lile likanitoka kichwani kama vile halijawahi kuingia. Tangu mwezi wa pili hadi sasa, mwezi wa sita, kila picha iliyotazamwa kwenye chumba kile chembamba ilikuwa imegeuka.

Na Alhamisi iliyopita walikuwa wametazama ya mdogo wangu.

Picha za eksirei za hospitali ninazipiga slaidi mimi. Filamu huletwa Jumatano, slaidi napeleka Alhamisi asubuhi, na filamu zenyewe narudisha Ijumaa. Ya mdogo wangu niliipiga kwa mikono yangu mwenyewe, nikaona figo moja limejaa uweupe mgumu na jingine safi. Kwenye filamu yenyewe huwa kuna alama, kipembetatu kidogo cha madini ya risasi ambacho mpiga eksirei hukibandika upande wa kulia wa mgonjwa. Lakini mimi, kwa kupenda picha ijae vizuri, nilikuwa nafunika kingo kwa fremu, na kipembetatu kikabaki nje. Madaktari hawakuwahi kulalamika; upande wa kupasua waliuandika palepale kutoka ukutani, na filamu ikirudi iliingia kabatini. Kwani nani atamwuliza fundi habari za ukingo wakati picha inang'aa?

Filamu ya mdogo wangu ilikuwa bado rafuni, ndani ya bahasha yake ya kaki. Ijumaa sikuirudisha. Daktari mpasuaji aliiulizia, nikamwambia nitaileta Jumatatu, kwani siku ile nilikuwa nashughulikia kumlaza mgonjwa. Leo ndiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikaichomoa nikaisimamisha dirishani. Ukiwa na filamu mkononi unaweza kuigeuza utakavyo, mbele nyuma, lakini kipembetatu hakidanganyi: kinakwenda na upande wake. Kilikuwa upande mmoja na figo lililojaa uweupe. Figo bovu lilikuwa la kulia.

Sasa, walikuwa wanatoa lipi? Hapo akili ikanigoma. Jana yake mdogo wangu alinionyesha mahali alipochorwa kwa kalamu ya wino, mstari mrefu ubavuni, akasema wamempiga chapa kama gunia la korosho. Niliuona mstari ule. Ulikuwa upande gani? Nilikuwa nimekaa naye uso kwa uso, na mtu mkitazamana naye kulia kwake ni kushoto kwako. Nikafumba macho nikauona mstari, nikafumbua ukahama. Nikainua mkono wangu wa kulia, nikaushusha, nikainua wa kushoto. Mashoto akaacha kucheka.

Nikapanda juu ya benchi la kazi, nikalala chali katikati ya bisibisi na vifuniko vya lenzi. Mdogo wangu amelazwa kichwa kikiwa ukutani, miguu ikielekea mlangoni. Ukiingia wodini dirisha liko mkono wako wa kulia. Nilikaa upande wa dirisha, na alifunua shuka upande wangu. Nikamwambia Mashoto asimame mlangoni, aingie kama anayekuja kumwona mgonjwa, kisha akae upande ambao dirisha lingekuwa. Alifanya kama nilivyosema, kama mtu anayemtii mwendawazimu ili asimpandishe. Akaja akasimama kando yangu.

"Huo hapo ni mkono wangu gani?" nikamwuliza.

"Wa kushoto, fundi. Huu ndio mkono wangu wa kazi."

Nikaruka chini. Wangemtoa lile zima. Wangemwachia bovu, na bovu lile peke yake lisingemfikisha wiki mbili.

Baba mdogo alikuwa ametoka uani kwa kusikia vitu vinaanguka. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kama mtoto aliyevunja chungu, na sijui alielewa nusu au robo. Hakunifokea. Alikwenda kwenye kisanduku, akafungua kifuniko, akaingiza mkono akapapasa ndani, kona hadi kona.

"Kioo cha pili kiko wapi, mwanangu?"

"Nilikitoa, baba, kiko rafuni. Hata cha hospitali nilikitoa."

Akaweka kifuniko chini, akasema atakwenda kupiga simu dukani kwa jirani na kwamba mimi nikimbie, nisisubiri simu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakuniambia.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na tatu. Mashoto akaileta baiskeli yake, nikakaa nyuma na bahasha nimeikumbatia kifuani, na mtu yule, ambaye kila siku namcheka kwa kuendesha kama anayesindikiza maiti, alikata mitaa siku ile kwa namna ambayo sitaisahau. Tulipita katikati ya watu. Tulipita kwenye kichochoro cha wauza mitumba, shati la mtu likanifunika uso. Mimi nilikuwa nasema kwa sauti, kulia, kulia, kulia, nikiogopa kwamba nikinyamaza neno litageuka kinywani mwangu. Na palepale, katikati ya kukimbia, hofu nyingine ikanijia: je, kama nimekosea mimi? Kama alikaa upande mwingine, kama nimemlaza vibaya pale benchini? Nitafika niwageuze wenye makosa au wenye haki? Nikaishika bahasha kwa nguvu zaidi. Kipembetatu nilikuwa nacho. Hicho tu ndicho nilichokuwa na uhakika nacho duniani.

Mlinzi wa getini alituambia muda wa kuona wagonjwa ni saa nane. Nilimwambia najua. Akaanza kunieleza utaratibu tangu mwanzo, polepole, kama anayesoma tangazo. Sikugombana naye, na kwa mtu wa hasira zangu huo ulikuwa muujiza. Nilimwacha akimweleza Mashoto nami nikapita chini ya mkono wake. Nilisikia akipiga kelele nyuma yangu. Sikugeuka.

Harufu ya dawa ilinipokea mlangoni na magoti yakalegea kama kawaida yao, nikayaburuta hivyohivyo. Ukumbi wa upasuaji uko mwisho wa ujia mrefu wenye sakafu nyekundu iliyopigwa dawa hadi inateleza. Juu ya mlango kuna taa. Taa ilikuwa inawaka. Saa ya ujiani ilionyesha saa nne na dakika tano.

Muuguzi mkuu, mama mmoja mnene mwenye miwani kifuani, alitoka kunizuia. Aliniambia mgonjwa ameshalazwa nusukaputi tangu saa nne kasorobo na daktari ameshaanza. Ameshaanza. Nikauliza kama simu ya baba mdogo haijafika, akasema simu ya hospitali iko kwa karani na karani hakuleta ujumbe wowote. Nikamwambia wanapasua upande usio wenyewe. Aliniangalia kama wanavyoangaliwa ndugu wote wanaopatwa na wazimu milangoni, kwa huruma na bila kusikia, akanishika bega anikalishe.

Sikukaa. Nilitoa filamu kwenye bahasha nikampa mkononi.

"Mama, usiniamini mimi," nikamwambia. "Tazama alama ya risasi na figo bovu. Viko upande mmoja. Mwulize daktari anakata upande gani."

Alivaa miwani. Aliinua filamu kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona midomo yake inahesabu kitu kidogo, kisha akageuka, akausukuma mlango kwa mgongo na kuingia na filamu.

Nimesubiri vitu vingi maishani, lakini sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri pale. Nilisimama na uso wangu karibu na mlango ule, rangi yake ya kijani imebanduka pale vitanda vya magurudumu vinapogonga. Ndani hakukuwa na sauti. Nilitaka kusikia mtu anafoka, anaangusha chombo, chochote. Nilimwomba Mungu, nikamwambia kama ni kosa langu anikate mimi, figo zangu zote mbili nzima zipo. Nikamwomba mama yetu msamaha kwa sauti. Mashoto akaja, sijui alimwambia nini mlinzi, akasimama hatua mbili nyuma yangu akiwa ameshika kofia.

Mlango ukafunguka. Daktari mpasuaji alitoka akiwa ameinua mikono kifuani ili isiguse kitu. Glavu zake zilikuwa na damu. Niliziona zile glavu kabla sijamwona yeye, na nadhani nilitoa sauti, kwa maana Mashoto alinishika kiwiko.

Daktari ni mtu mrefu, mkimya, mwenye sauti ya chini ambayo huwafanya watu wasogee kumsikiliza. Aliniuliza kisanduku kina vioo vingapi. Nikamwambia kimoja. Akauliza kilikuwa na vingapi. Nikamwambia viwili, na kwamba niliyekitoa ni mimi, na kwamba slaidi sikuzigeuza. Alisimama akinitazama juu ya barakoa yake, na machoni mwake niliona kitu ambacho sikutegemea kukiona kwa daktari. Aliogopa.

"Nimekata ngozi tu," akasema. "Ngozi tu, na nyama kidogo."

Akarudi ndani, na mlango ukajifunga wenyewe.

Baada ya hapo ilichukua saa mbili na nusu. Baba mdogo alifika kwa miguu, ameshika ukuta wa ujia kwa ajili ya macho yake, akakaa kando yangu. Niliona amekuja na kioo cha pili, amekifunga kwenye kitambaa na kukiweka mapajani. Nilitaka kumwuliza cha nini sasa. Nikamwacha, maana kila mtu hubeba anachoweza. Saa saba kasoro kidogo muuguzi mkuu alitoka, miwani imerudi kifuani, akaniambia figo la kulia limetoka, lilikuwa limeoza kabisa, na la kushoto liko zima na linafanya kazi. Akasema mdogo wangu atakuwa na makovu mawili badala ya moja, na kwamba akiamka atauliza, kwa hiyo niandae jibu.

Nililia kwa mara ya kwanza siku ile. Nililia vibaya, kwa kwikwi. Baba mdogo alinipapasa kichwani, na Mashoto alikwenda kutafuta maji akarudi na chai. Nilijiona nimepona. Nilikuwa tayari kumaliza siku yangu hapo, nikaoshe uso, nikamtazame mdogo wangu amelala, halafu nirudi karakana kuhamisha nukta zote nyekundu hata zikinichukua mwezi.

Daktari mpasuaji alituita ofisini kwake. Alikuwa amevua barakoa na kofia, na bila ya hizo alionekana mzee. Nilidhani atanifukuza au ataniitia polisi, na nilikuwa nimeshakubali lolote kati ya hayo. Aliniomba nikae. Yeye mwenyewe alikaa taratibu, kama mtu asiyeamini kiti.

Aliniuliza ni lini hasa nilipoondoa kioo. Nikamwambia, wiki ya pili ya mwezi wa pili, Jumanne. Akaniuliza kama ni hakika kwamba picha zote za mikutano ya Alhamisi, tangu Jumanne ile, zilipita kwenye kioo hicho kimoja. Nikasema ni hakika. Na zote nilizipiga mimi? Zote. Na kingo zote nilizifunika? Nikaitikia kwa kichwa.

Akavuta droo, akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu. Lilikuwa daftari la wagonjwa waliopasuliwa. Alifungua ukurasa wa mwezi wa pili, akaligeuza linielekee mimi, na kusukuma miwani yake juu ya paji la uso.

Baba mdogo aliuliza kuna nini.

Nilitazama ukurasa. Kila mtu alikuwa na mstari wake: umri, kazi, kiungo, upande. Mstari wa kwanza baada ya Jumanne ile ulikuwa wa mama wa miaka thelathini na nne, fundi cherehani, figo la kushoto. Mwisho wa mstari kulikuwa na alama ndogo ya kalamu nyekundu. Nilijua maana yake, lakini nilimwuliza, pengine nikitumaini kwamba ataniambia kitu kingine.

"Alikufa siku ya tisa," daktari akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Tulidhani figo lililobaki lilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Ndivyo tulivyomwambia mume wake. Alituandikia barua ya kutushukuru."

Nilimkumbuka. Si yeye, picha yake. Nilikumbuka kwamba fremu ilikataa kukaa sawa, nikaikata ukingo kidogo kwa wembe, na nikajipongeza jinsi ilivyojaa vizuri. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ni mtu. Leo nilikimbia mitaa yote ile kwa sababu mgonjwa alikuwa mdogo wangu.

Ukurasa ulikuwa na mistari ishirini na miwili, na nyuma yake kulikuwa na kurasa nyingine. Daktari alichukua kalamu, akaomba nimsomee wa pili.